Marehemu kaacha hisa, au unataka kumpa mwanao hisa ukiwa hai: jinsi ya kuhamisha jina hapa Tanzania

Kabla hujaanza kukimbizana na maofisi tuelewane kitu kimoja kwanza, maana hapa ndo familia nyingi zinagombana bure. Marehemu akiwa na kampuni, kinachorithiwa ni hisa zake, sio mali za kampuni. Lile roli, kile kiwanja chenye hati ya jina la kampuni, hela iliyoko kwenye akaunti ya kampuni, vyote hivo ni vya kampuni na kampuni yenyewe haijafa. Kwa hiyo ukienda mahakamani ukaorodhesha roli kwenye mali za marehemu umeshaharibu, na ukiliuza ukagawa hela kwa wadogo zako umeuza mali ya mtu mwingine kabisa, hata kama mzee alikuwa anamiliki asilimia 99.

Na kiti cha ukurugenzi hakirithiwi. Hata ile saini ya benki hairithiwi. Mtoto mkubwa kukaa kwenye kiti cha baba siku ya pili baada ya matanga na kuanza kusaini cheki, hiyo haipo kisheria. Mkurugenzi mpya anateuliwa kwa utaratibu ulioandikwa kwenye katiba ya kampuni, ile watu wanaita memati, na BRELA, ule wakala wa serikali unaosajili makampuni, inatakiwa ijulishwe.

Sasa twende hatua kwa hatua. Ntaanza na mirathi maana ndo yenye mlolongo mrefu, hiba, yaani zawadi unayotoa ukiwa hai, ntaimalizia mwishoni.

Hatua ya 1: Jua marehemu alikuwa na hisa za aina gani

Kuna hisa za kampuni zilizoko sokoni DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kuna hisa za kampuni binafsi, zile za familia au za marafiki wawili watatu walioungana. Njia zake hazifanani.

Za DSE watu wengi hata hawajui kama mzee anazo. Soko lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni ya gesi TOL, ikafuata ya bia TBL, afu baadae zikaja zile ambazo watu wa kawaida walizichangamkia sana, NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila hisa, CRDB 2009 kwa shilingi 150, Vodacom 2017 kwa shilingi 850. Kwa hiyo mzee aliyekuwa mwajiriwa miaka hiyo kuna uwezekano alinunua hata hisa mia mbili akasahau. Ukipekua lile begi la nyaraka unatafuta karatasi ya risiti ya hisa yenye namba ya akaunti ya CDS (akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa za mtu), barua za gawio, ile faida kampuni inayowagawia wanahisa, mialiko ya mkutano mkuu wa mwaka. Hakuna karatasi? Angalia taarifa za benki za nyuma na meseji za kwenye simu, gawio likiingia linaacha alama.

Za kampuni binafsi ni rahisi kujua. Unaingia mfumo wa BRELA, unalipia kidogo unaomba taarifa rasmi ya kampuni, inakuonyesha wanahisa ni kina nani na kila mmoja ana hisa ngapi. Usiamini maneno ya mshirika wa marehemu anayekwambia "mzee alishaniuzia zake". Kama kweli alimuuzia iwepo hati ya kuhamisha hisa iliyosainiwa, iwepo stempu ya TRA na jina liwe limebadilika kwenye rejista ya wanahisa. Vikikosekana hivo, hizo hisa ziorodheshe kwenye mirathi, yeye akathibitishe mahakamani.

Hatua ya 2: Mahakamani

Hii hairukwi. Hata mkiwa mnapendana vipi, hata mkiwa warithi wawili tu, kampuni na soko la hisa hawahamishi jina la marehemu kwa muhtasari wa kikao cha familia. Wanataka barua ya usimamizi wa mirathi.

Unachobeba: cheti cha kifo cha RITA (sio kile kibali cha mazishi cha hospitali), muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na wote ukimtaja msimamizi mnayempendekeza, vitambulisho vya warithi, na wosia kama upo. Wosia ukiwa umetunzwa RITA utafuatilia huko huko, wana huduma ya kuandika na kuhifadhi.

Mahakama gani sasa. Mahakama ya Mwanzo inashughulika na mirathi inayofuata sheria za kimila na za Kiislamu, na unafungua pale marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu, sio pale alipofia wala pale wewe unapoishi. Mzee aliishi Morogoro akafia Muhimbili, mirathi ni Morogoro. Marehemu akiwa Mkristo au alikuwa haishi kimila, usikurupuke Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ni karibu na nyumbani, uliza kwanza Mahakama ya Wilaya. Kuna usimamizi umewahi kufutwa baada ya miaka kwa sababu tu mahakama haikuwa na mamlaka, na hapo hisa zimeshahamishwa na kuuzwa, ni vurugu tupu.

Ukifungua, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Likipita salama unateuliwa, na kwa Mahakama ya Mwanzo unapewa Fomu namba IV. Hiyo karatasi ndo funguo yako. Toa kopi kadhaa uzithibitishe kabisa maana kila ofisi itabaki na yake, na ya awali usimwachie mtu.

Afu ndani ya miezi minne unatakiwa urudishe orodha ya mali na madeni kwenye Fomu V. Hapo kwenye hisa andika kwa usahihi, jina la kampuni kama lilivyo kwenye usajili, idadi ya hisa, thamani ya kila hisa. Za DSE chukua bei ya kufunga soko ya siku unayoandaa orodha na uandike tarehe pembeni, usiandike ile 600 ya mwaka 2008. Za kampuni binafsi ile thamani iliyoandikwa kwenye katiba, shilingi 1,000 au 10,000 kwa hisa, mara nyingi haina uhusiano na uhalisia, kampuni inaweza kuwa na magari nane na hisa 100 za elfu kumi kumi. Mtafuteni mhasibu awapigie hesabu ya mali kutoa madeni, itawasaidia na mbele kwa TRA.

Ishu inayochelewesha watu kuliko zote ni majina. Kwenye hisa kaandikwa jina moja, herufi moja ya katikati na jina la ukoo, NIDA ana majina matatu kamili, cheti cha kifo wameandika na "Mzee" mbele au wamekosea herufi. Kila ofisi itakurudisha. Kama kosa liko kwenye cheti cha kifo rekebisha RITA kabla hujafungua mirathi, na kwa hizo tofauti nyingine kula kiapo kwa wakili kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, majina yote yatajwe kama yalivyo, na kiambatane na nyaraka tangu siku ya kwanza mahakamani ili hata uamuzi wa hakimu uyataje. Ukisubiri kukwama huko mbele utarudi mwanzo.

Mrithi yuko nje, Muscat au London? Ataandika hati ya uwakilishi akimtaja anayemsainia, aithibitishe ubalozi wa Tanzania. Aandike wazi kwamba inahusu hisa za kampuni fulani, hati za jumla jumla hizi zinakataliwa.

Hatua ya 3: Kampuni binafsi, kaeni na katiba ya kampuni mezani

Msimamizi akishapata Fomu IV anaiandikia bodi ya kampuni barua, anaambatanisha kopi, anasema mimi ndo msimamizi, naomba muitambue. Kuanzia hapo ana haki ya kupokea gawio la hizo hisa. Lakini kwa katiba nyingi za kampuni hawezi kupiga kura kwenye mkutano mkuu mpaka awe ameandikwa kwenye rejista ya wanahisa. Watu hawalijui hili kabisa, msimamizi anafika kwenye mkutano anaanza kubishana, mshirika anafungua katiba anamsomea kifungu, anakaa chini.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Moja, hisa zinatoka jina la marehemu moja kwa moja kwenda kwa warithi. Pili, msimamizi anaandikwa yeye kwanza afu baadae anazigawa. Hii ya pili inasaidia pale mirathi itakapochukua muda na mnahitaji kura, ila tatizo ni kwamba rejista itaonyesha jina lake yeye kama yeye, haitaandika "kwa niaba ya watoto wa marehemu". Mkiitumia basi andikeni makubaliano ya familia kwamba zile ni hisa za mirathi, wote wasaini. Mimi binafsi napendelea ya kwanza kama warithi wameshakubaliana.

Someni pia katiba inasemaje kuhusu kuhamisha. Kampuni binafsi kwa tafsiri yake lazima iwe na masharti yanayobana uhamishaji wa hisa. Nyingi zinasema wanahisa waliopo wapewe nafasi ya kwanza kununua, na bodi inaweza kukataa kumwandika mtu. Zingine zinasamehe mke, mume na watoto, zingine hazisamehi. Mkikuta haisamehi maana yake mshirika anaweza kudai anunue, na hapo mnachorithi nyinyi ni hela na sio hisa, kwa hiyo vita inahamia kwenye bei. Ndo maana nimesema mtafuteni mhasibu mapema.

Sasa ngoja tugawe hisa kwa mfano maana hapa ndo kuna kitu hakisemwi. Chukulia kampuni ina hisa 100, marehemu ana 60, mshirika wake ana 40. Marehemu ni Muislamu, kaacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, wazazi walishatangulia. Mke anapata moja ya nane kwa sababu kuna watoto, hiyo ni hisa 7.5. Zinabaki 52.5, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, kwa hiyo wa kiume 21 kila mmoja na wa kike 10.5.

Hisa nusu haiandikiki kwenye rejista. Dawa yake ni mbili. Ama warithi wakubaliane mmoja achukue hisa nzima amlipe mwenzake hela ya ile nusu, ama kampuni igawanye hisa zake, kila hisa moja iwe mbili kwa nusu ya thamani, jambo ambalo mkutano mkuu unapitisha kama katiba inaruhusu. Zikigawanywa, 60 zinakuwa 120, mke 15, wa kiume 42 na 42, wa kike 21. Inatoka sawia bila kumpunja mtu.

Lakini angalia kilichotokea. Mzee alikuwa na asilimia 60, maazimio ya kawaida alikuwa anapitisha peke yake. Sasa hivi mshirika ana 80 kati ya 200, na hakuna mrithi hata mmoja anayemfikia. Yeye ndo mwanahisa mkubwa kuliko wote. Wa kiume mmoja akigombana na nduguze akaegemea upande wa mshirika, 80 na 42 ni 122, kampuni imeshatoka mikononi mwa familia bila mtu kuuza hisa hata moja. Kwa hiyo kama mnataka kuishika, kabla hamjagawana andikeni makubaliano ya namna mtakavyopiga kura, na nani atapewa nafasi ya kwanza kununua mmoja wenu akitaka kuuza. Wakili anaiandika siku moja. Kama hamtaki biashara yenyewe, muuzieni mshirika zote 120 kwa pamoja, maana zikiwa pamoja zina thamani ya udhibiti, zikiuzwa vipande vipande atawapa bei ya kuwahurumia.

Kukiwa na mrithi chini ya miaka 18, hisa zake zishikwe na mlezi au mdhamini na iandikwe hivo kwenye mgawanyo unaopelekwa mahakamani. Mjomba kuziandika jina lake "kwa muda" bila karatasi, mnajua wenyewe inavyoishaga.

Hatua ya 4: TRA kwanza, BRELA baadae

Watu wanaanza BRELA wanarudishwa. Mpangilio ni huu: bodi inakaa inapitisha azimio la kutambua uhamisho, hati za kuhamisha hisa zinasainiwa (msimamizi anasaini upande wa marehemu, mrithi upande wa anayepokea, moja kwa kila mrithi), afu unapeleka TRA ukiwa na Fomu IV, mgawanyo wa mahakama, taarifa za mahesabu za kampuni na TIN za wote.

Tanzania hakuna kodi ya mirathi kwa maana ya serikali kukata asilimia kwa sababu tu mtu kafariki. TRA inachoangalia ni mambo mawili, ushuru wa stempu kwenye ile hati, na kama kuna faida itokanayo na mtaji, yaani thamani ya hisa iliyopanda kuliko zilivyonunuliwa. Kwa hiyo ni muhimu karatasi zionyeshe wazi hii ni mirathi, sio mauzo. Ukiandika hati kiholela kama mauzo ya shilingi fulani kwa sababu ulikopi sampuli mtandaoni, utatozwa kama muuzaji. Na kama kampuni yenyewe haijapeleka ritani miaka mitatu, hapo ndo itajulikana, msafishe kwanza.

Ukipata karatasi ya TRA ndo unaingia mfumo wa BRELA kwa akaunti ya mtu mwenye namba ya NIDA. Mrithi asiye raia anatumia pasipoti. Unajaza mabadiliko ya wanahisa, unaskani unapandisha azimio, hati, karatasi ya TRA na Fomu IV, unatoa ile fomu ya jumla wanasaini wahusika, unairudisha kwenye mfumo, unalipia kwa kontroo namba. Hapo hapo maliza na ukurugenzi, mtoe marehemu, muweke mpya, na badilisha taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaomiliki na kufaidika na kampuni, kile kipengele kilichokuja baada ya sheria kubadilishwa 2020. Wengi wanakiacha na baadae faini inawakuta. Kama ritani za mwaka za BRELA zina deni mfumo utakukumbusha mwenyewe.

Ikishapita, katibu wa kampuni anafuta hati ya hisa ya zamani, anaandika rejista na kutoa hati mpya kwa kila mrithi. Dai yako mkononi.

Kampuni ikiwa imesajiliwa Zanzibar basi ni BPRA, wakala wa usajili wa huko, sio BRELA, na mirathi ya Muislamu huko inapita Mahakama ya Kadhi.

Za DSE je?

Hizi ni nyepesi. Hakuna mshirika wa kukukatalia wala katiba ya kubishania, hisa za sokoni zinahamishika kwa uhuru. Msimamizi anaenda kwa dalali wa hisa yeyote aliyesajiliwa na barua ya mahakama, cheti cha kifo, risiti ya hisa ya marehemu na vitambulisho, na kila mrithi afunguliwe akaunti yake ya CDS kama hana. Dalali anapeleka kwa CSDR, ambayo ndo inatunza rejista, hisa zinahama bila kupita kwenye ubao wa mauzo.

Risiti imepotea? Loss ripoti ya polisi na kiapo, watakupa utaratibu wa nyingine. Mkitaka hela badala ya hisa, msimamizi anaziuza kwa dalali huyo huyo na hela inaingia akaunti ya mirathi, hakikisheni sio akaunti yake binafsi. Uzuri mwingine ni kwamba hisa zilizoorodheshwa DSE, kwa mkazi wa Tanzania, ukiziuza hakuna kodi ya faida ya mtaji, na gawio lake linakatwa asilimia 5 tu wakati la kampuni isiyo sokoni ni 10.

Magawio ya miaka ya nyuma ambayo marehemu hakuchukua nayo ni mali ya mirathi. Andikia kampuni husika barua, kila kampuni peke yake, ambatanisha Fomu IV na namba ya CDS, toa akaunti ya kulipia. Kuna watu wanakuta humo pesa inayozidi ada zote walizolipa mahakamani.

Ukiwa hai unataka kumpa mtu: hiba

Hapa hakuna mahakama. Unaandika hati ya zawadi na hati ya kuhamisha hisa, bodi inapitisha, TRA, BRELA, kama hapo juu. Kwa hisa za DSE unapitia dalali, unaonyesha udugu kwa cheti cha kuzaliwa au cha ndoa.

Ila kuna mitego. Wa kwanza ni kodi. Kwa sababu hujalipwa hata senti, unadhani hakuna faida ya kutozwa. TRA haioni hivo, unapompa ndugu yako kitu bure wao wanachukua bei ya soko kana kwamba uliuza, na kwa mkazi, kwa hisa zisizo za DSE, ni asilimia 10 ya faida, anayelipa ni wewe mtoaji. Juu yake kuna ushuru wa stempu, na hati ipelekwe ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, ikilala kabatini mwaka mzima inazaa faini. Wazee wengine ili kukwepa wanaandika "nimemuuzia mwanangu kwa shilingi laki moja", haisaidii, na zaidi inakuja kuwapa wale watoto wengine sababu ya kwenda mahakamani kudai hakukuwa na mauzo wala zawadi.

Wa pili ni makabidhiano. Kwa Waislamu hiba inakamilika kwa kutoa, kukubali na kukabidhi. Baba anasaini hati, anaificha, gawio anaendelea kula yeye, mikutano anaenda yeye, miaka kumi baadae anafariki. Mtoto anatoa hati, ndugu wanasema hukukabidhiwa, hizo ni za mirathi, na wana hoja. Ukitoa toa kweli: jina libadilike kwenye rejista, hati mpya akae nayo yeye, gawio liingie kwenye akaunti yake. Kama unataka uendelee kula gawio mpaka ufe, basi hiyo sio hiba, andika wosia, na wosia wa Kiislamu una mipaka yake, usizidi theluthi moja na usimpe mrithi bila wenzake kuridhia.

Wa tatu ni muda. Hiba iliyotolewa kwenye maradhi ya mauti inahesabiwa kama wosia, ile theluthi inarudi. Kwa hiyo kumbebea mzee makaratasi wodini asaini na dole gumba, hata kama nia ni njema, mnatengeneza kesi. Afanye akiwa mzima, mbele ya wakili na mashahidi wasiofaidika, na watoto wengine wajue.

Mwenza wako naye asaini kuridhia. Kwa nyumba ya ndoa sheria inakulazimisha, kwa hisa hailazimishi hivo, ila kama kampuni mliijenga wote akija kudai mgao wake kwenye talaka, hiyo zawadi yako ndo kitu cha kwanza wakili wake atakachokishika. Na usimpe mtoto asilimia 51 siku moja kama hujawahi kumuona akiendesha biashara, mpe 10, muone anavyokaa kwenye mkutano mkuu, afu ongeza mwaka unaofuata. Karatasi ni zile zile, ni ada tu utalipa mara mbili.